Je, wajua kwa nini dereva wa kuchangia gari haruhusiwi kupata faida, lakini anapewa bonasi?

Kuchangia gari ni watu wanaokwenda njia moja kupanda gari la mmoja wao na kugawana gharama. Ukifungua programu ya simu ya kuchangia gari kwenda kazini, utakuta mambo mawili yanayoonekana kupingana. Nauli iko chini sana na dereva hana uhuru wa kuipandisha apendavyo. Wakati huohuo, dereva huyo anaahidiwa pointi, vocha na bonasi. Kama fedha za kugawa zipo, kwa nini zisiingizwe tu kwenye nauli?

Jibu limo kwenye sheria na bima. Nchi nyingi humtenganisha mtu anayekwenda kwenye shughuli zake akampa mwenzake lifti, na yule anayewasha gari kwa sababu ya abiria. Huyu wa pili yuko kazini: anahitaji kibali cha kubeba abiria na bima ya biashara, na mapato yake yanatozwa kodi. Wa kwanza anaendesha kama kawaida yake, mradi asitengeneze faida. Sheria ya usafiri ya Ufaransa inalisema hili waziwazi: dereva anasafiri kwa haja yake mwenyewe, na wanachofanya na abiria ni kugawana gharama tu. Yeye pia hubeba fungu lake. Wakiwa wanne garini, haiwezekani abiria watatu walipe yote na mwenye gari asafiri bure.

Ndiyo maana programu huweka kikomo cha bei. Waze, programu ya simu ya kuwaonyesha madereva njia, ilipoanzisha huduma yake ya kuchangia gari iitwayo Carpool huko California mwaka 2016, ilikopa kipimo cha mamlaka ya kodi ya Marekani, yaani kiwango ambacho mtu anaruhusiwa kudai anapotumia gari lake kikazi. Mwaka huo kilikuwa senti 54 kwa maili, kwa hiyo abiria wa maili 20 asingetozwa zaidi ya dola 10.80. Kiwango hicho hakihesabu mafuta peke yake. Ndani yake mna bima, matairi, matengenezo na kuchakaa kwa gari. Ni kipimo cha haki, kwa maoni yangu, kwa sababu wengi hudhani gari linakula mafuta tu.

Tatizo ni urefu wa safari. BlaBlaCar, programu ya kuchangia gari iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2006, ilikua kwa safari za kutoka mji hadi mji. Katika kilomita mamia kadhaa, mchango wa abiria ni fedha ya maana, na hata programu inaweza kumtoza ada yake juu ya mchango huo asilalamike. Safari ya kazini haiko hivyo. Chukua kilomita 15 kwa gari linalotumia lita 7 kwa kila kilomita 100: ni takriban lita moja tu. Wakiwa wawili, mchango wa abiria kwa mafuta ni nusu lita. Kwa nusu lita hiyo dereva anatakiwa kutoka kwa saa waliyokubaliana, apinde njia, asimame mahali ambapo pengine hakuna maegesho, na amsubiri mtu ambaye bado anashuka ngazi. Wengi wataona heri waende peke yao.

Hapo ndipo zawadi zinapoingia, na anayezilipia si abiria bali ni mtu wa tatu. Mwajiri anataka magari machache kwenye maegesho yake. Mamlaka ya usafiri inaona nafuu kumlipa dereva kidogo kwa kila abiria kuliko kupeleka basi tupu kwenye kitongoji chenye watu wachache. Serikali inataka kupunguza matumizi ya mafuta. Mwaka 2023 Ufaransa ilianza kutoa bonasi ya euro 100 kwa madereva wapya wa safari fupi, kupitia makampuni ya nishati ambayo sheria huyabana yasaidie kuokoa nishati. Tazama ilivyokatwa: euro 25 baada ya safari ya kwanza, na 75 zilizobaki baada ya safari ya kumi, ndani ya miezi mitatu. Fungu kubwa limewekwa mbali makusudi. Safari moja ni udadisi. Aliyefika kumi ameshampata mwenzake wa kudumu na saa zao zimeshaoana.

Fedha ya nje huvuta ujanja. Watu wawili wanaweza kuandikisha safari ambayo haikuwepo, au mmoja akabeba simu mbili na kujifanya dereva na abiria. Kwa sababu hiyo Ufaransa ina rejista ya serikali ya kuthibitisha safari, yenye madaraja A, B na C. Daraja la juu, C, hudai mahali zilipo simu za wote wawili mwanzoni na mwishoni mwa safari. Programu ikikuomba ruhusa ya kuona ulipo, mara nyingi inatafuta ushahidi huo, na bila huo zawadi hailipwi.

Zawadi nyingine ni muda. Karibu na Washington, tangu miaka ya 1970, madereva huokota watu wasiowajua foleni ikiwa ndefu, ili wafikishe watatu garini na waruhusiwe kupita njia ya magari yenye abiria wengi. Hakuna anayelipa chochote: dereva anapata barabara iliyo wazi, abiria anafika bure.

Lakini zawadi ninayoiona bora kuliko zote haionekani kwenye salio la pointi. Ni dhamana ya kurudi nyumbani. Anayeacha gari lake asubuhi huogopa jioni: dereva akiitwa nyumbani ghafla, au bosi akirefusha kazi, atarudije? Baadhi ya programu na waajiri huahidi kumlipia teksi ikitokea hivyo. Ahadi hii humgharimu mtoaji kidogo kwa sababu ni nadra kudaiwa, lakini ndiyo inayomfanya mtu athubutu kuliacha gari. Masharti yake yasome kabla ya siku ya kwanza: mara nyingi yanataka uwe umeshaweka nafasi ya kurudi kwenye programu, na idadi ya teksi kwa mwaka huwa na kikomo.