Hapana, sijagandamizia picha ya simu

Nimeulizwa tena. Mteja kaona mchoro wa kidijitali wa sebule yangu, kaupenda, anataka wa nyumba ya mama yake Tanga. Tulipofika kwenye bei likaja lile lile: "Lakini si unagandamizia tu picha ya simu? Nitakutumia picha nzuri, hutapata shida." Nilimjibu kwa adabu. Hapa adabu itapungua kidogo.

Tuelewane kwanza: kugandamizia, yaani kuchora kwa kupita juu ya mistari ya picha, si dhambi. Ukinipa nembo ya duka, au injini ya pikipiki na nyaya zake zote, naweka picha kwenye leya (tabaka) ya chini, napunguza opasiti ili ififie, napita juu yake na maisha yanaendelea. Wanaojisifu kwamba hawajawahi kufanya hivyo ama wanadanganya ama wana muda mwingi kuliko mimi. Ninachokataa ni kugandamizia chumba ulichoishi. Hapo picha ya simu inakosea zaidi kuliko popote, na makosa yenyewe si ya kufutika kwa brashi.

Fikiria simu ilikuwa wapi. Mtu akitaka kupiga picha sebule anasimama mlangoni, anabana mgongo ukutani, anainua simu usawa wa macho. Jicho la picha liko kama mita 1.6 kutoka sakafuni. Sasa nani anaishi sebuleni kwake akiwa amesimama mlangoni? Sebule tunaijua tukiwa tumekaa. Ukikaa kwenye kochi macho yanashuka hadi mita 1.1 au 1.2 hivi, na chumba kizima kinabadilika. Uso wa meza unabaki kipande chembamba, mikono ya makochi inapanda, kabati la vyombo linakuzidi urefu, feni inakuwa juu kweli. Kutoka mlangoni unaona migongo ya vitu vyote: juu ya meza, juu ya stuli, vumbi juu ya spika. Unaangalia chumba kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Kwa lugha ya kazi, mstari wa upeo unakaa pale pale jicho lilipo, na kingo zote za sakafu na dari zinazokwenda mbali zinaukimbilia. Ukigandamizia umerithi upeo wa mtu aliyesimama. Huwezi kuja kuushusha baadaye, kwa sababu kuushusha kunataka uone chini ya meza, na picha haikupiga chini ya meza. Programu haitakusaidia. Unachora upya tu.

Halafu kuna umbali, na hapa ndipo huwa napandisha sauti. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 28 kwa vipimo vya kamera za filamu. Hiyo tayari ni lenzi pana, na namba ikishuka inameza eneo kubwa zaidi. Sebule zetu ni ndogo, huna pa kurudi nyuma, kwa hiyo watu wanabonyeza 0.5, ambayo ni kama milimita 13. Matokeo unayajua: stuli iliyo karibu inakuwa kubwa kama kitanda, runinga inaonekana iko kwa jirani, na mto wa pembeni umevutika kama umelowa. Wapiga picha watanisahihisha kwamba kinachobadilisha ukubwa ni umbali, lenzi haihusiki. Wana haki. Kitu kilicho mita 1 kutoka kwako kinaonekana kikubwa mara nne ya kingine cha saizi hiyo hiyo kilicho mita 4, uwe na lenzi yoyote. Lenzi pana inachofanya ni kukuruhusu usimame karibu mno na bado upate chumba kizima.

Kuna kitu kingine ambacho hata wao huwa hawakisemi. Picha ya lenzi ya milimita 24 imechukua takriban nyuzi 70 za upana. Ukiichapisha kwa upana wa sentimita 15, ili uione kwa mtazamo ule ule wa kamera inabidi jicho lako liwe kama sentimita 10 kutoka kwenye karatasi. Hakuna anayeangalia picha hivyo. Tunaishika mbali, na ndiyo maana chumba kinaonekana kirefu kama korido. Picha haijadanganya kihesabu, ila inasomwa kutoka mahali pasipo pake.

Na jicho lenyewe halifanyi kazi kama lenzi. Sehemu inayoona kwa ukali kabisa ni kama nyuzi 2 tu, upana wa gumba ukinyoosha mkono. Vingine vyote unavipata kwa kuhamisha macho, na kwa chumba chako mwenyewe umeyahamisha kwa miaka. Kwa hiyo mimi nachora vipande: kona ya kabati kutoka kochi moja, dirisha kutoka kochi jingine, kisha naviunganisha kwenye upeo mmoja. Vitabu vya mtazamo wa nukta mbili, vinavyotaka mistari ya mbali ikutane kwenye nukta mbili za upeo, havipendi hili. Ukipima mistari yangu kwa rula utaona haikutani vizuri, na ndivyo nilivyotaka.

Hapo huwa naletewa chumba cha kulala cha mchoraji Van Gogh. "Yule naye alishindwa kunyoosha ukuta." Jamani. Kile chumba cha Arles, Ufaransa, alichokichora Oktoba 1888, kilikuwa na ukuta wa nyuma ulioenda mshazari kweli. Nyumba yenyewe ilijengwa hivyo. Vivuli aliviacha kwa makusudi, na alimwandikia ndugu yake Theo akamweleza. Hata kuta za buluu tunazozishangilia leo alizipaka zikielekea zambarau. Rangi nyekundu iliyokuwa ndani yake imefifia kwa miaka, ikabaki buluu. Mtu alichora chumba chake kwa uangalifu, na dunia inamwona mzembe kwa sababu haikuwahi kukaa humo.

Mwanga. Sijui nianzie wapi. Watu wanachukua kidondosha rangi, zana ya kunakili rangi, wanagusa ukuta kwenye picha, wanapata kijivu, wanapaka kijivu, wanashangaa mbona chumba kimekufa. Simu ina mizani nyeupe ya kujirekebisha: ikikuta taa ya njano inaipooza, ikikuta tyubu yenye ukijani inaivuta irudi. Yaani ile rangi ya jioni ya nyumbani kwenu, ambayo ndiyo uliyotaka, simu imeshaiona kuwa kasoro na kuiondoa. Dirishani ni balaa zaidi. Mwanga wa nje ni mkali mno kwa simu, kwa hiyo ama nondo zinayeyuka kwenye weupe ama ndani panakuwa giza, na simu mpya zinaunganisha vyote viwili zikakupa chumba kisicho na saa. Si asubuhi, si jioni.

Na huku kwetu mwanga una tabia ambayo mafunzo ya mtandaoni, mengi ya nchi za baridi, hayaifundishi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana, miezi mingi ya mwaka, jua liko karibu utosini, haliingii sana dirishani. Linapiga uwanja, na uwanja ndio unaorusha mwanga ndani, kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo dari la singibodi linakuwa na mwanga kuliko sakafu, tena lina rangi ya udongo wa nje: kama uwanja ni mchanga mwekundu, dari lina joto la wekundu; ukimwaga zege, linapoa. Nusu ya chini ya ukuta, ile ya rangi ya mafuta, inang'aa kidogo na kurudisha rangi ya makochi. Nusu ya juu, ya rangi ya maji, hairudishi kitu. Ukiweka kivuli darini kwa sababu mwalimu wa video kaweka kivuli darini, umechora nyumba ya mtu mwingine.

Mbinu zenyewe hazina siri. Turubai A3 kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3508 kwa 4961. Leya ya mistari, leya ya rangi bapa, leya ya vivuli kwenye Multiply (hali inayotia giza rangi za chini yake), leya ya mwanga juu. Kivuli kisiwe cheusi. Mchana kiende zambarau au buluu kidogo. Brashi yoyote ya duara. Kama huna hela ya programu, Krita ni ya bure na inatosha. Tafadhali msiniulize tena brashi gani.

Khanga niiongelee, maana inanikera. Mtu anatandika khanga juu ya kochi kwa kubandika picha ya khanga bapa, akaikata kwa umbo la kochi. Pindo limenyooka kama rula kwenye kitambaa kinachodaiwa kina mikunjo! Pindo ndilo linaloonyesha kitambaa kimekunjwa wapi. Kunja pindo kwanza kwa mkono, ndipo mji ufuate, na jina lipotelee kwenye mkunjo kama linavyopotea kweli. Likisomeka lote herufi kwa herufi, hakuna aliyelikalia.

Ninayo mashaka pia. Mteja akitaka nyumba aliyokulia huwa nashusha upeo hadi kama mita 0.9, kwa hoja kwamba aliijua akiwa mtoto. Mara nyingine anapigwa na butwaa, hapo hapo anaanza kunisimulia habari za kabati. Mara nyingine ananiuliza mbona kama chumba kiko shimoni. Urefu ule ule, mkono ule ule, na sina maelezo. Vilevile huwa nakikuza kiti cha babu kidogo kuliko vipimo, kwa kuwa ndivyo wote wanavyokikumbuka. Hiyo ni kweli au ni kumpendeza mteja? Sina hakika, na ananilipa, kwa hiyo mimi si hakimu mzuri.

Nyaya ndizo zinanitesa zaidi. Kila mtu anaomba nitoe ekstensheni, waya wa king'amuzi, chaja iliyoning'inia. Natoa. Kisha mchoro unakuwa safi kama tangazo la duka la samani, na mwenyewe anasema umependeza, ila haoni kama ni kwao.

Basi picha nitumieni, sijakataa. Kaa pale unapokaa siku zote, simu usawa wa macho yako, lenzi ya 1x. Piga vipande, chumba kizima si lazima. Piga asubuhi, na tena jioni taa zikiwaka. Mlango uwemo katika picha mojawapo, kwa kuwa milango mingi ni karibu mita 2.1 na mimi napimia vitu vingine hapo. Nirekodie sauti fupi useme nani hukaa wapi. Na nyaya, niambie mapema zipi zibaki, kabla sijaanza leya ya mistari.