Mbegu ya muda mfupi haizibi pengo la Februari

Kila msimu ukikaribia, ushauri ni ule ule: mvua zimekuwa fupi, pandeni mbegu ya muda mfupi. Unasemwa mikutanoni na redioni, hata na maofisa ugani wanaoijua Dodoma vizuri. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaacha watu na ghala tupu.

Mbegu ya muda mfupi inakuokoa mvua ikikatika mapema mwishoni mwa msimu. Haikuokoi na jua la katikati. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi Februari mvua husimama wiki mbili au tatu. Sasa hesabu. Umepanda Katumani, mahindi ya muda mfupi, tarehe 10 Desemba. Mbelewele, ua la juu linalomwaga chavua, hutoka kwenye siku ya 50 hadi 60, yaani kati ya tarehe 29 Januari na 8 Februari, pale pale jua linapoanza. Mhindi wenye kiu huchelewesha nywele za gunzi zinazopokea chavua hiyo, ilhali mbelewele inaendelea kumwaga chavua. Nywele zikija kutoka, chavua imekwisha, nawe unavuna magunzi yenye mapengo. Mvua ya Machi, hata ikinyesha kwa wingi, hairudishi punje ambayo haikutunga.

Uwele na mtama ni habari nyingine. Mtama hukunja majani, husimama, kisha huendelea mvua ikirudi. Uwele hutoa machipukizi mapya. Ila ukipanda mtama wa muda mfupi peke yako kijijini, kwelea kwelea wote wanakuja kwako, kwa kuwa ni wako tu ulioiva. Kubalianeni na majirani, la sivyo mtashinda shambani mkiwinga ndege.

Kinachoziba pengo la Februari ni maji yaliyokwisha ingia ardhini Januari. Milimita 10 za mvua kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 40,000, sawa na mapipa 200, na kwenye shamba lililoberegwa, ardhi ngumu isiyotifuliwa, sehemu kubwa hukimbilia korongoni.

Kwa hiyo chimba mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo cha Dodoma, kabla ya mvua: upana sentimita 22, kina 30, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mistari, na mistari ikinge mteremko. Udongo uliotoka uwe kingo. Weka majivu ya kufukuza mchwa, mabaki ya mazao na samadi iliyooza, funika kwa udongo, uache sentimita 10 wazi juu. Panda mbegu moja au mbili. Nafasi hiyo ya juu hubeba karibu lita 4, na ekari moja ina mashimo kama 7,400. Yakijaa mara moja tu, umezuia takriban lita 28,000.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonitia mashaka. Nusu kilo ya samadi kwa kila shimo ni karibu tani 4 kwa ekari, na asiye na ng'ombe wala mkokoteni hawezi kuzipata. Mashimo 7,400 kwa jembe la mkono ni kazi ya wiki nyingi kwenye ardhi kavu. Kumwambia mjane mwenye watoto wadogo achimbe ekari nzima ni kumwonea. Aanze na robo ekari iliyo karibu na nyumba, kwingine apande uwele.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. Samadi mbichi huunguza mche. Na watu huchimba kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako mwaka wa mvua nyingi maji hutuama na mazao hugeuka manjano. Huko tumia matuta. Kwenye kichanga chekundu mashimo hufukiwa na mchanga baada ya mvua kubwa, hivyo pita uyazoe mchanga kabla ya palizi ya kwanza. Msimu unaofuata usichimbe mapya, fukua yale yale.