Kukamatwa kwa Kuendesha Gari Ukiwa Mlevi Nchini Kenya: Maana Yake na Yanayofuata

Mtu aliyekamatwa hajashtakiwa bado, na aliyeshtakiwa hajapatikana na hatia. Jambo hilo ni jepesi kulielewa mchana, lakini dereva aliyepulizishwa Alcoblow, yaani mashine ya kupima pombe katika pumzi, saa tano za usiku kando ya barabara, kisha akaamriwa kupanda gari la polisi, aghalabu huona kwamba kesi yake imekwisha kuamuliwa pale pale. Ndiyo maana wengi hufika mbele ya hakimu wakiwa wamechoka na kuaibika, na hamu yao kubwa ni kulimaliza jambo hilo upesi, bila kujua kwamba uamuzi mzito kuliko yote katika safari hiyo bado haujafanywa, na kwamba watakaoufanya ni wao wenyewe.

Kosa lenyewe limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu hicho kinamhusu anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha, na hata yule aliye na usimamizi wa gari barabarani au mahali pa umma, ikiwa pombe au dawa imemlevya kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ikiwa mtu amefariki kutokana na uendeshaji huo, kosa huwa jingine kabisa na kifungo chaweza kufika miaka 10. Mwenye kesi ya namna hiyo asithubutu kusema lolote kabla ya kumwona wakili.

Kuhusu kipimo cha pumzi, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Hata hivyo, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizikosoa kanuni hizo kwa namna zilivyokuwa zikitumiwa kumshtaki dereva, na mjadala ukarudi kwenye kifungu cha 44, ambacho kinauliza swali pana zaidi: je, mtu huyu alikuwa na uwezo wa kulidhibiti gari? Kwa sababu hiyo, jinsi gari lilivyokuwa likienda, jinsi dereva alivyosimama na alivyozungumza, na yale aliyoyaona afisa aliyemsimamisha huwa na uzito, na tarakimu iliyosomwa kwenye mashine ni sehemu ya ushahidi ambayo, kama ushahidi mwingine wowote, inaweza kuhojiwa mahakamani.

Pale barabarani kuna machache ya kufanya, na mengi ya kujizuia kufanya. Dereva azime gari, atoe leseni na kitambulisho anapoombwa, na asibishane wala kumsukuma mtu, kwa sababu kumzuia afisa wa polisi kutekeleza kazi yake ni shtaka la pili ambalo halikuwapo dakika tano zilizopita. Anaweza kuomba kwa adabu aruhusiwe kusoma tarakimu ya kipimo kwa macho yake, na kukumbuka saa ilipochukuliwa. Kuhusu "kitu kidogo", hesabu yake ni mbaya hata kwa asiyejali maadili: chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa hongo anaweza kufungwa hadi miaka 10 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5. Anayejaribu kulikimbia kosa la miaka 2 kwa njia hiyo hujitumbukiza katika la miaka 10. Gari nalo lisisahauliwe. Ni vyema kuuliza litapelekwa kituo gani, nani atakaa na ufunguo, na kama litazuiliwa kuwa kielelezo au linaweza kukabidhiwa ndugu mwenye leseni ambaye hajanywa.

Kituoni, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 ndicho kinachomlinda. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na haki ya kutolazimishwa kukiri jambo linaloweza kutumiwa dhidi yake. Kunyamaza hakumaanishi kununa. Anaweza kutaja jina na makazi yake, kisha akasema kwa utulivu kwamba hatatoa maelezo zaidi kabla ya kuzungumza na wakili. Maneno kama "nilikunywa mbili tu", ambayo husemwa kwa nia ya kujitetea, ndiyo yatakayosomwa baadaye kama ungamo. Kabla ya kuingizwa seli atatakiwa kukabidhi simu, pesa, mshipi, pengine hata viatu, na ahakikishe kwamba vitu hivyo vimeandikwa na kiasi cha pesa kimetajwa. Aombe pia namba ya OB, yaani ile iliyoandikwa katika kitabu cha matukio, na ampe yule jamaa atakayekuja kumfuatilia, kwani kwa namba hiyo kesi hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko kwa jina.

Katiba inataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku, ambao ndio usiku wenyewe wa misako, anaweza basi kulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Hapo ndipo dhamana ya polisi inapopata thamani yake. Mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa dhamana ya pesa taslimu au kwa bondi, yaani hati ya ahadi isiyowekewa pesa taslimu, kwa sharti la kufika mahakamani siku iliyotajwa. Pesa hizo hazilipii kosa wala si ada ya kituo. Ni amana, na lazima zitolewe risiti. Asiyepewa risiti hajaweka dhamana. Na aliyeachiliwa akakosa kufika siku ile huipoteza dhamana yake, huku hati ya kumkamata ikitolewa.

Mahakamani mambo huenda kasi mno. Karani husoma shtaka, kisha huuliza kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo mara nyingi tangu asubuhi: "Ni kweli au si kweli?" Jibu la "ni kweli" huwavutia wengi, kwa kuwa faini hulipwa siku hiyo hiyo na mtu akarudi kazini. Kwa maoni yangu, hakuna jibu linalotolewa kwa pupa kubwa zaidi katika mahakama zetu. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamzuia aliyekiri kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, hata akabakiwa tu na nafasi ya kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Zaidi ya faini, mahakama inaweza kumwondolea ruhusa ya kuendesha gari, na rekodi ya hatia huenda ikajitokeza atakapoomba cheti cha maadili mema kwa ajili ya kazi.

Wapo ambao kukiri kunawafaa, hasa ushahidi ukiwa mzito na wakili akiwa ameshauri hivyo, maana toba ya mapema huweza kupunguza adhabu. Asiye na hakika aseme "si kweli", aombe dhamana ya mahakama, kisha adai kupewa nakala za maelezo ya mashahidi na ya kipimo, kwa kuwa Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kuuona mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Asiyefahamu vyema lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo. Aliyekiri bila kuelewa aliyosomewa anaweza kuomba kubadilisha jibu lake kabla ya hukumu kutolewa.

Kesi ikiisha kwa hatia, muda wa kukata rufaa ni siku 14. Na iwe ameachiliwa au ametozwa faini, aliyehudhuria vikao vyote aombe kurudishiwa dhamana yake ya pesa. Atakachotakiwa kuonyesha ni ile risiti ya awali.