Ukomunisti wa Vita: Maana Yake, na Jinsi Ulivyowaweka Wabolsheviki Madarakani

Ukomunisti wa vita ni jina la mfumo wa uchumi na utawala uliotumiwa na serikali ya Wabolsheviki, yaani chama cha kikomunisti kilichoongozwa na Lenin, nchini Urusi kuanzia katikati ya mwaka 1918 hadi Machi 1921, nchi hiyo ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chini ya mfumo huo, dola ilichukua nafaka ya wakulima kwa lazima, ikataifisha viwanda, ikapiga marufuku biashara ya watu binafsi, ikagawa chakula kwa kadi na kuwapangia raia kazi kwa amri. Jina lenyewe lilienea mwaka 1921, pale Lenin alipolitumia kueleza sera ambayo chama chake kilikuwa tayari kinaiacha. Wakati sera hiyo ikitekelezwa, wanachama wengi waliamini kwamba huo ndio ukomunisti wenyewe unaoanza.

Dhana hii ni muhimu kwa sababu inajibu swali ambalo msomaji wa historia ya Urusi hulazimika kujiuliza: imekuwaje chama kilichotwaa madaraka Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, mwishoni mwa 1917, kikiwa na wafuasi wengi mijini na wachache sana vijijini, kikashinda vita vya miaka mitatu katika nchi ya wakulima? Katika majira ya joto ya 1918 hakuna aliyekuwa na sababu ya kukitabiria maisha marefu. Mkataba wa Brest-Litovsk, uliotiwa saini na Ujerumani tarehe 3 Machi mwaka huo, ulikuwa umeiondoa Ukraine mikononi mwake. Tangu Mei, askari wa Jeshi la Wacheki na Waslovaki, waliogeuka dhidi ya Wabolsheviki, walikuwa wameiteka reli ya Siberia. Na mwezi Agosti mji wa Kazan ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya akiba ya dhahabu ya taifa. Jibu linalotolewa mara nyingi ni Trotsky, kiongozi wa jeshi lao, na gari-moshi lake la kivita, au polisi wa siri wa Cheka. Majibu hayo yana ukweli, ila yanaruka jambo lililotangulia yote, yaani mkate: ulitoka wapi, ulichukuliwa na nani, na kwa nini aliyenyang'anywa alivumilia kwa muda aliovumilia.

Upungufu wa chakula haukuletwa na Wabolsheviki. Mwishoni mwa 1916, serikali ya Tsar, mfalme wa Urusi, ilikwisha kuanza kuipangia mikoa kiasi cha nafaka kinachopaswa kutolewa kwa ajili ya jeshi, na mwezi Machi 1917 Serikali ya Mpito iliyochukua nafasi yake ilitangaza kwamba nafaka yote ya ziada ni mali ya dola. Serikali zote mbili zilishindwa kutekeleza amri zao. Viwanda vilikuwa vikitengeneza silaha badala ya misumari, majembe na vitambaa, na noti zilikuwa zikipoteza thamani kila mwezi, hivyo mkulima hakuona faida ya kuuza ngano yake kwa karatasi zisizonunua kitu. Amri ya Ardhi ya Novemba 1917 iliwapa wakulima mashamba ya makabaila, wakayagawana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya hapo hawakuwa na deni kwa kabaila wala haraka ya kwenda sokoni. Katika majira ya kuchipua ya 1918 zilikuwapo siku ambapo mgao wa mkate Petrograd ulishuka hadi gramu 50 kwa mtu.

Mwezi Mei 1918 serikali ilichagua kutumia nguvu. Kamisaa (yaani waziri) wa chakula, Aleksandr Tsyurupa, alipewa mamlaka yaliyoitwa bila kificho udikteta wa chakula. Vikosi vya wafanyakazi wenye silaha vilitoka Moscow na Petrograd kwenda vijijini kutafuta nafaka iliyofichwa, na kuanzia Juni ziliundwa kamati za wakulima maskini, zikitakiwa kuwafichua majirani zao wenye uwezo, waliobandikwa jina la kulaki. Nadharia ilisema kijiji kimegawanyika katika matabaka na kwamba maskini watasimama na mji. Mambo hayakwenda hivyo. Mara nyingi mgeni mwenye bunduki alipoingia, kijiji kizima kilisimama pamoja dhidi yake, na nyingi za kamati hizo zikageuka makundi ya watu wanaokula vilivyonyang'anywa kabla havijafika mjini. Kabla mwaka haujaisha, serikali yenyewe iliamua kuzivunja.

Januari 1919 ndipo ulipoanzishwa utaratibu uliokuwa uti wa mgongo wa ukomunisti wa vita, ambao Warusi waliuita razviorstka. Hesabu yake ilianzia juu. Moscow ilikadiria jeshi na miji vinahitaji kiasi gani, ikagawa jumla hiyo kwa mikoa. Mkoa ukagawa kwa wilaya, wilaya kwa tarafa, tarafa kwa kijiji, na kijiji kikaachiwa kazi chungu ya kugawana mzigo kaya kwa kaya. Hakuna aliyeanza kwa kumuuliza mkulima amevuna nini na atabakiwa na nini. Kijiji kizima kiliwajibika kwa pamoja, kwa hiyo fungu la asiyekuwa nacho liliwaangukia waliokuwa nacho. Malipo yalikuwa ya bei iliyopangwa na serikali, kwa noti ambazo thamani yake ilikuwa imeyeyuka, au kwa stakabadhi tu. Bidhaa za viwandani zilizoahidiwa zilifika kwa nadra. Kikosi kilipoona kiasi hakijatimia, kilipekua maghala, kilichimbua mashimo ya kufichia, na mara nyingine kilichukua hata mbegu za msimu uliofuata. Kwa kigezo kimoja tu, cha kupata nafaka, mfumo huo ulifaulu: katika msimu wa 1918 hadi 1919 serikali ilikusanya takriban pudi milioni 108, na msimu uliofuata zaidi ya pudi milioni 212, pudi moja ikiwa ni kilo 16 na ushei.

Mkulima alijibu kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani kulima kidogo. Ikiwa kila kinachozidi chakula cha nyumbani kitachukuliwa, kwa nini ahangaike kukizalisha? Eneo lililolimwa likapungua mwaka hadi mwaka, na akiba iliyokuwa kinga ya kijiji dhidi ya ukame ikaisha.

Mjini chakula kiligawiwa kwa tabaka. Wafanyakazi wa kazi nzito walikuwa juu, watumishi wa ofisi chini yao, na waliokuwa mabwanyenye wakawa wa mwisho kabisa, wakati Jeshi Jekundu, jeshi la Wabolsheviki, lilikuwa na mgao wake wa pekee, ulio bora kuliko wa raia. Katiba ya Julai 1918 iliandika wazi kwamba asiyefanya kazi na asile, maneno ambayo kila Mkristo wa Kirusi aliyafahamu kutoka kwa Mtume Paulo, ingawa sidhani kama waandishi wa katiba hiyo walipenda kukumbushwa yametoka wapi. Kadi ya mgao ikawa chombo cha utawala kisichohitaji askari wengi, kwani aliyefukuzwa kazini kwa kugoma alipoteza mshahara na mkate kwa pamoja.

Hata hivyo, mgao haukutosha hata kwa waliopendelewa, na watu waliokoka kwa magendo. Wafanyakazi, akina mama, askari walio likizoni na walanguzi walidandia mabehewa wakiwa na nguo, saa, chumvi au viberiti, wakabadilishana na wakulima na kurudi na magunia ya unga. Warusi waliwaita watu wa magunia. Katika stesheni za njiani walisubiriwa na vikosi vya vizuizi vilivyopekua mizigo na kutaifisha unga, na kuna abiria waliojifunga vifuko vya unga mwilini chini ya koti wasigundulike. Lenin mwenyewe aliandika mwaka 1919 kwamba miji ilipata karibu nusu tu ya nafaka yake kutoka serikalini. Nusu nyingine ilitoka kwa walanguzi, nayo ndiyo iliyomaliza sehemu kubwa ya fedha za mwananchi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi katika maelezo ya dhana hii. Mfumo uliokusudia kulifuta soko uliweza kuwapo kwa sababu soko hilo liliendelea kupumua nje ya sheria, na maofisa wengi walilijua hilo walipofumba macho. Hata kwa msaada huo miji ilisinyaa: Petrograd, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni mbili mwaka 1917, ilibaki na takriban laki saba mwaka 1920.

Kuhusu viwanda maelezo yanaweza kuwa mafupi. Viwanda vikubwa vilitaifishwa kwa amri ya Juni 1918, vikawekwa chini ya Baraza Kuu la Uchumi wa Taifa, na uongozi wa kamati za wafanyakazi ukapisha polepole meneja mmoja aliyeteuliwa. Uzalishaji ulianguka hadi sehemu ndogo ya ule wa kabla ya vita, lakini kidogo kilichozalishwa kilielekezwa kwanza kwenye bunduki, risasi na makoti ya askari. Kwa serikali iliyojali kushinda kabla ya kushiba, hilo lilitosha.

Nafaka na makoti hayo ndiyo yaliyolijenga Jeshi Jekundu. Trotsky, aliyekuwa kamisaa wa vita tangu Machi 1918, alirudisha uandikishaji wa lazima, akaajiri makumi ya maelfu ya maofisa wa jeshi la Tsar, na kumweka kamisaa wa siasa, mwakilishi wa chama, kando ya kila kamanda. Amiri jeshi wa kwanza, Vatsetis, na Kamenev aliyempokea mwaka 1919, wote walikuwa wamefikia cheo cha kanali chini ya Tsar. Familia za maofisa zilihesabiwa kuwa dhamana ya uaminifu wao. Kwenye karatasi jeshi hilo lilifikia watu milioni tano hivi mwaka 1920, ingawa waliokuwa mstari wa mbele wakiwa na silaha walikuwa wachache zaidi, na watoro, kwa vita vyote, walihesabika kwa mamilioni. Wakulima waliandikishwa, walitoroka wakati wa mavuno, wakakamatwa, wakarudishwa.

Hapa ndipo siasa ya ardhi ilipoamua mambo. Majeshi Meupe, yaani ya maadui wa Wabolsheviki, yalikuwa na majenerali hodari na silaha kutoka Uingereza na Ufaransa, lakini nyuma ya Jenerali Denikin kusini, na nyuma ya Admirali Kolchak katika maeneo aliyoyateka mashariki, mkulima aliona mali ya kabaila ikianza kudaiwa tena, na yeye akichapwa viboko kwa kuigusa. Weupe hao pia walichukua nafaka na kuandikisha vijana kwa nguvu, bila kutoa ahadi ya wazi kwamba ardhi itabaki kwa anayeilima. Mkulima aliyewachukia wakusanyaji wa razviorstka akapima, akaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Katika miezi ya 1919 ambapo Denikin alikuwa akisonga kuelekea Moscow, na hata kuuteka mji wa Oriol mwezi Oktoba, watoro kwa maelfu walirejea Jeshi Jekundu kwa hiari kutoka mikoa ile ile iliyotishiwa. Jiografia nayo iliwasaidia Wekundu: walishika katikati ya nchi, penye Moscow, kiwanda cha silaha cha Tula na njia za reli zinazokutana, hivyo waliweza kuhamisha vikosi kutoka upande mmoja wa vita hadi mwingine, wakati maadui zao walikuwa wametawanyika pembezoni wakiwasiliana kwa shida. Kolchak alipigwa risasi Irkutsk Februari 1920, na Jenerali Wrangel, aliyempokea Denikin, akaondoka Crimea kwa meli Novemba mwaka huo.

Ugaidi wa dola ulikuwa sehemu ya mfumo huu tangu mwanzo. Cheka iliundwa Desemba 1917 chini ya Feliks Dzerzhinsky, na baada ya Lenin kupigwa risasi na kujeruhiwa tarehe 30 Agosti 1918, mauaji ya mateka wa tabaka la juu yalitangazwa hadharani kuwa sera. Yaliwanyamazisha wapinzani mijini. Kijijini, ambako watu walikuwa mamilioni, hayakutosha peke yake.

Ushahidi wa hilo ulionekana pale Weupe waliposhindwa. Hofu ya kurudi kwa kabaila ilipotoweka, mkulima hakuwa tena na sababu ya kuivumilia razviorstka, na uasi ukalipuka kuanzia Siberia ya magharibi hadi mkoa wa Tambov, ambako wapiganaji wa Aleksandr Antonov walifikia makumi ya maelfu. Kamanda wa Jeshi Jekundu Tukhachevsky aliuzima uasi wa Tambov mwaka 1921 kwa kuchukua familia mateka, kuua bila kesi, na hata kuamuru gesi ya sumu itumiwe misituni. Mapema Machi 1921 waliasi mabaharia wa ngome ya Kronstadt, ambao mwaka 1917 walikuwa nguzo ya mapinduzi. Walidai uchaguzi mpya wa masovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi, wakulima na askari, kwa kura ya siri, uhuru kwa vyama vya kisoshalisti na kuondolewa kwa vikosi vya vizuizi vilivyonyang'anya watu magunia. Wakati askari wakijiandaa kuvuka barafu ya Ghuba ya Finland kwenda kuwapiga, mkutano mkuu wa kumi wa chama ulikuwa ukiketi Moscow, na ndio uliopitisha kwamba badala ya razviorstka itozwe kodi ya mazao inayojulikana kabla ya kupanda, na kinachobaki mkulima aweze kukiuza. Hivyo ukomunisti wa vita ukafungwa rasmi, na Sera Mpya ya Uchumi ikafuata. Kwa watu wa bonde la Volga nafuu ilichelewa: ukame wa 1921 ulikuta maghala matupu, na njaa iliyofuata iliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni tano.

Wanahistoria wamebishana muda mrefu kama sera hii ilikuwa dharura ya vita au imani ya chama. Alipoiacha, Lenin alisema ililazimishwa na vita na uharibifu. Ni kweli kwa mwaka 1918, lakini amri ya kutaifisha karakana ndogo zenye wafanyakazi wachache ilitoka mwishoni mwa Novemba 1920, Wrangel akiwa amekwisha kukimbia, na hatua za kugawa chakula cha mgao bila malipo zilifuata Desemba. Dharura iliwafungulia mlango, kisha wakaendelea kutembea kwa miguu yao wenyewe hadi wakulima walipowasimamisha.

Kilichorudishwa mwaka 1921 kilikuwa soko. Utawala wa chama kimoja na polisi wa siri vilibaki, na mkutano ule ule wa Machi ulipiga marufuku makundi ndani ya chama. Januari 1928, nafaka ilipopungua tena mijini, Stalin, aliyekuwa sasa kiongozi wa chama, alipanda gari-moshi kwenda Siberia kusimamia mwenyewe upekuzi wa maghala ya wakulima.