John Cazale: yanayosemwa kuhusu "yule Fredo" na ukweli wenyewe

Ukimtaja John Cazale, wengi watakuuliza ni nani. Ukisema Fredo, kaka dhaifu wa The Godfather, filamu ya familia ya kimafia, sura inawajia papo hapo. Mhusika amemmeza mwigizaji, na ndipo yakazuka maneno yasiyo ya haki.

"Fredo ni mnyonge tu, hata mwigizaji wa kawaida angemweza."

Si kweli. Stelingi analindwa na hadithi. Mnyonge halindwi na chochote. Mtazame baba yake anapopigwa risasi mtaani: Fredo anatoa bastola, inamponyoka, anababaika, wauaji wanatokomea. Anaketi ukingoni mwa barabara, kando ya mzee, na kulia kama mtoto.

Sehemu ya pili, ya mwaka 1974, ndiyo inayoniacha hoi kila mara. Michael, mdogo wake Fredo anayeigizwa na Al Pacino, anamhoji kaka yake huyo aliyemsaliti. Fredo amejilaza kwenye kiti kilichoegama nyuma mno, kiti kisichomruhusu mtu kukaa kwa heshima. Uchungu wa kurukwa na mdogo wake unapomlipuka, anarusha mikono, anajaribu kuinuka, kiti kinamrudisha chini. Al Pacino hasemi mengi. Ubaridi wa Michael unatisha kwa sababu mbele yake kuna mtu anayeungua.

"Filamu tano haziwezi kumpa mtu hadhi."

Filamu za Cazale ni hizi tano tu: The Godfather (1972), The Conversation na The Godfather Part II (1974), Dog Day Afternoon (1975) na The Deer Hunter (1978). Zote 5 ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na 3 zikashinda.

"Angekuwa mzuri, Oscar ingemwona."

Haikumteua hata mara moja. Lakini The Godfather ilitoa wateule 3 wa mwigizaji msaidizi wa kiume, na sehemu ya pili ikatoa 3 wengine. Yeye alikuwemo katika filamu zote mbili, akapitwa zote mbili. Hilo ni kosa la wapiga kura.

"Alibahatika tu kuokotwa na Coppola, mwongozaji wa The Godfather."

Alitoka jukwaani New York akiwa ameshaiva. Mwaka 1968 yeye na Pacino walipata tuzo za Obie, tuzo za michezo ya jukwaani ya New York, kwa mchezo mmoja, The Indian Wants the Bronx.

"The Deer Hunter alipewa kwa kuonewa huruma."

Ni kweli alikuwa na saratani ya mapafu, na sehemu zake zilirekodiwa mapema kwa sababu hiyo. Alifariki Machi 1978, akiwa na miaka 42, kabla filamu haijatoka. Lakini angalia wanapokwenda kuwinda: Stan, mhusika wa Cazale, amesahau viatu vyake na anataka kuazima vya Michael, anayeigizwa na Robert De Niro. Anakataliwa, anakasirika, anatukana. Hapo humwoni mgonjwa hata kidogo. Unamwona rafiki msumbufu aliyezoea kubebwa na wenzake, na leo wamechoka.