Je, wajua kwa nini skonzi huumuliwa mara mbili?

Umekanda, umefunika bakuli kwa kitambaa kibichi, umesubiri saa nzima. Kinyunya kimefura mpaka kimegusa kitambaa. Halafu unaambiwa ukipige ngumi, utoe hewa yote, ukate madonge, uyapange kwenye trei na usubiri tena. Anayepika skonzi kwa mara ya kwanza lazima ashangae: kama hewa ndiyo tuliyoitaka, mbona tunaitoa?

Wengi tunaamini hamira ndiyo inayotoboa vile vitundu vya ndani ya mkate. Haitoboi. Vipovu tunavianzisha sisi wenyewe wakati wa kukanda. Kila unapokunja kinyunya na kukisukuma kwa kiganja, unafungia humo hewa kidogo, nayo inatawanyika kuwa vipovu vidogo mno ambavyo jicho halivioni. Hamira inavikuta vimeshakuwapo. Kazi yake ni kuvijaza.

Hamira ni kuvu wa seli moja, aitwaye kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Yu hai kabisa, ingawa katika karne ya 19 wanasayansi walibishana sana juu ya hilo, hadi kazi za Louis Pasteur za kuanzia mwaka 1857 zilipouzima ubishi. Hamira hula sukari na kutoa kileo pamoja na kaboni dioksidi. Hata usipotia sukari haifi njaa, maana ndani ya unga mna vimeng'enya vinavyouvunja wanga kuwa sukari.

Kaboni dioksidi hiyo kwanza huyeyuka kwenye maji ya kinyunya. Maji yakishindwa kuibeba zaidi, inatafuta pa kwenda. Kuanzisha kipovu kipya katikati ya kinyunya kizito ni kazi ngumu mno, basi inaingia kwenye vile vilivyopo, navyo vinafura. Vinachelewa kupasuka kwa sababu ya gluteni, utando wa protini unaonyumbuka, unaojengeka unga wa ngano ukipata maji na kukandwa. Unga wa mahindi hauna utando huo, ndiyo maana hata ukiutilia hamira ya kutosha haufuri kama wa ngano.

Sasa turudi kwenye ngumi. Saa ikiisha, vipovu vimekuwa vikubwa na vingine vimeungana. Ukivipeleka tanurini hivyo hivyo, utapata skonzi yenye mapango: huku tundu la kuingiza kidole, kule pamegandamana. Ukikiminya kinyunya, hewa nyingi inatoka kweli, lakini vipovu vikubwa vilivyobaki vinagawanyika kuwa vidogo vingi. Umeongeza vyumba vya kujazwa. Tena, seli za hamira hazina miguu: saa nzima zimekaa palepale zikila kilicho jirani. Ukikanda upya unazisogeza kwenye chakula, na safari hii huwa hazichelewi. (Ngumi, kwa maoni yangu, ni neno kali mno. Kiganja kinatosha.)

Mara ya pili ndiyo inayotuumbua. Niliwahi kuacha madonge yangu kwenye trei nikaenda kufua, nikarudi nikayakuta yamefura kama mito. Nikafurahi. Tanurini yakanywea yote, yakatoka bapa kama visahani, maana utando ulikuwa umeshavutika hadi mwisho wake. Siku hizi saa siiamini, natumia kidole: nakipaka unga, nabonyeza ubavu wa donge kiasi cha nusu ya ukucha. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi taratibu na kubakiza alama, tanuri liwe tayari. Lisiporudi kabisa, muda umepita. Hapo kanda upya, ukate madonge tena na usubiri.

Ndani ya tanuri, dakika za mwanzo skonzi huruka juu kwa mara ya mwisho. Hewa inatanuka, kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka inatoka, kileo kinageuka mvuke. Joto la ndani likifika kama nyuzi 60 za Selsiasi hamira inakufa. (Maji ya moto sana ya kukandia hufanya mauaji hayo hayo kabla ya kazi kuanza.) Likizidi kupanda, wanga unavimba, gluteni inaganda na kuta za vipovu zinakuwa ngumu. Mvuke ukisukuma, kuta hizo zinapasuka na vitundu vinafunguliana. Kabla ya hapo kila kipovu kilikuwa chumba kilichofungwa. Sasa ni sponji, na hewa inapita chumba hadi chumba.

Skonzi iliyotolewa mapema, imepata rangi juu lakini ndani haijaiva, hunywea ikipoa kwa sababu hiyo hiyo: vyumba vingi bado vimefungwa, mvuke wa ndani unapoa na kupungua, na hewa ya nje haina mlango wa kuingilia.