Je, wajua jinsi mwalimu tarajali wa sayansi anavyopima mema na mabaya ya mazingira?

Waulize walimu tarajali wa biolojia swali moja: umeme uzalishwe, au chura abaki? Darasa litagawanyika, na ni rahisi kudhani kwamba mgawanyiko huo ndio matokeo. Sivyo. Anayechunguza fikra za kimaadili hahesabu ndiyo na hapana. Anasoma sababu, kwa kuwa watu wawili wanaweza kufikia uamuzi uleule kwa njia zisizokutana kabisa.

Kwa vyuo vya Tanzania, kisa cha Kihansi kinafaa kuliko vingi. Mwaka 1996 wataalamu walimgundua chura mdogo, asiyefikia sentimita 3, katika korongo la mto Kihansi, Milima ya Udzungwa. Aliishi kwenye hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, na hajawahi kuonekana kwa asili kwingine duniani. Maji hayohayo ndiyo yaliyochepushwa kuendesha mitambo ya megawati 180, na manyunyu yakapungua mno. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani kuhifadhiwa, na korongoni ikawekwa mitambo ya kunyunyizia maji. Idadi ya waliobaki korongoni ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 waliozaliwa kwenye bustani za wanyama wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Sasa chukua majibu manne ya mfano. La kwanza: “Chura alindwe, huenda siku moja tukapata dawa kwenye ngozi yake.” La pili: “Umeme kwanza, hospitali zinausubiri.” La tatu: “Alindwe, ana haki ya kuishi hata kama hatusaidii chochote.” La nne: “Sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira, basi ifuatwe.” La kwanza na la pili yanapingana kiuamuzi, lakini yote mawili yamemweka binadamu katikati; katika la kwanza chura anathaminiwa kama duka la dawa tu. La tatu peke yake ndilo linalompa kiumbe thamani yake mwenyewe. La nne liko nje ya mazingira kabisa: linazungumzia utaratibu. Kaulimbiu tuliyoizoea ya kutunza mazingira “kwa faida ya vizazi vijavyo” nayo ni ya binadamu mwanzo hadi mwisho, ingawa mara nyingi huandikwa kama ushahidi wa kupenda viumbe.

Hoja zinazomweka binadamu katikati huota mapema. Mwanasaikolojia Peter Kahn alipowahoji watoto wa Houston, Marekani, miaka ya 1990, hizo ndizo zilizotawala. Zinazowapa viumbe thamani yao wenyewe zilikuwa chache. Kwa hiyo mwalimu tarajali haingii chuoni akiwa karatasi tupu.

Kuna pia namna ya kufikiri, mbali na kinachofikiriwa. Troy Sadler na Dana Zeidler, katika utafiti wao wa mwaka 2005 kuhusu wanachuo na masuala ya uhandisi wa jeni (kubadili vinasaba), walitaja namna tatu: kupima faida na hasara, kuongozwa na huruma kwa anayeathirika, na kuhisi papo hapo kwamba jambo ni sawa au si sawa kabla ya kulieleza. Aghalabu mtu mmoja huzichanganya. Kuzipanga kama ngazi, huruma chini na hesabu juu, ni kosa: huruma inaweza kumwonyesha mtu mwathirika ambaye hesabu imemsahau.

Walimu wa sayansi wana mtego wao. Wamezoeshwa kwamba sayansi haina upande, hivyo hukumu ya kimaadili huvalishwa koti la kitaalamu: “kitaalamu haiwezekani kupunguza maji ya mitambo.” Ukidai takwimu, mara nyingi hazipo, kilichopo ni “umeme una thamani kuliko chura”, kauli halali kabisa ya kujadiliwa, ila imejificha.

Ili kulifanyia kazi jambo hili darasani, andika kisa kwa maneno yasiyozidi 150, pande zote mbili zikiwa na takwimu. Neno “janga” au “chura mnyonge” likiingia, umeshawaambia jibu. Kila mmoja aandike peke yake, dakika 30 hivi, kabla ya majadiliano ya kikundi, maana mwenye sauti kubwa huwavuta wengine. Uliza: ungeamua nini, kwa sababu zipi, nani au nini kitaumia, asiyekubaliana nawe angesema nini, na kipi kikibadilika nawe ungebadili uamuzi? Usitoe alama kwa uamuzi. Wakihisi kuna alama, watakuandikia wanachodhani mkufunzi anapenda.

Katika kusahihisha, panga kila sababu katika kundi lake (binadamu, kiumbe au utaratibu), si kila mtu. Karatasi moja inaweza kuwa na sababu tatu za makundi tofauti. Wasomaji wawili wapange kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Watakwama hasa kwenye “chura ni sehemu ya ikolojia”. Sentensi hiyo haielemei upande wowote mpaka umuulize aliyeiandika: na kama binadamu hapati faida yoyote, leo wala kesho, bado alindwe?

Kadi ya pili, inayofuata ile ya kisa, itolewe baada ya majibu kukusanywa: wakati wa kuporomoka kwa 2003, vyura waligunduliwa kuwa na fangasi wa kitridi, ugonjwa unaoua vyura sehemu nyingi za dunia. Aliyeandika kwamba kuchepushwa kwa maji pekee ndiko kulikomuua chura ana kazi mpya. Angalia anachogusa kwanza: maelezo yake ya chanzo, au lawama zake. Wapo watakaosahihisha chanzo na kuiacha lawama palepale, bila kueleza sasa inasimama juu ya nini. Hapo ndipo mkufunzi apaanzie mjadala.